Wi-Fi ya Keja Inakwama? Cheki Hizi Kabla Hujaongeza Pakeji

Iko hivi. Ni saa tatu usiku, uko kejani Makutano, Meru, mvua inanyesha na umetulia na chai yako. Unafungua mechi, na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Jirani anapiga nduru ya goli dakika nzima kabla wewe uione. Hiyo unaweza kuvumilia. Isiyovumilika ni ya yule msee wa Embu anayetafuta mboka ya mtandaoni: anahojiwa kwa Zoom, picha inaganda mara tatu, na kazi inaenda na mtu mwingine. Au wewe ni mwanafunzi, ni siku ya mwisho ya kujaza fomu ya HELB, na peji imekataa kufunguka.

Wengi wetu tukifika hapo tunapigia kampuni simu, tunawaka, halafu tunapandisha pakeji. Elfu tatu inakuwa elfu nne na ushee, na kiduara bado kinazunguka. Huo ujinga mimi nimeufanya. Nilikuwa naishi bedsita mtaa wa Majimbo, Embu, ruta nimeisukuma nyuma ya friji ndiyo keja ikae safi. Nililipia spidi ya juu miezi mitatu. Siku moja nikivuta friji kutafuta panya, nikaweka ruta juu ya kabati, na vitu zikaanza kufunguka kama kwa nyumba ya mtu mwingine. Panya sikumpata.

Kwa hivyo kabla utoe doo nyingine, tulia tuicheki pole pole.

Jua unalipia nini

Kampuni huuza kwa megabiti, simu yako hupima faili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Septemba 2024 Safaricom waliongeza pakeji yao ya faiba ya Sh2,999 kutoka Mbps 10 hadi 15. Ukigawa 15 kwa 8 unapata megabaiti 1.9 hivi kwa sekunde, yaani muvi ya gigabaiti moja itachukua kama dakika tisa ikiwa hakuna mtu mwingine anatumia. Ukiona simu inadaunilodi kwa megabaiti 1.8, usiseme umeibiwa. Unapata karibu kila kitu ulicholipia.

Na hiyo 15 inatosha nini? Netflix wenyewe wanasema unahitaji Mbps 5 kwa picha ya Full HD, na 15 kwa 4K. Kwa hivyo watu wawili wakiwatch HD na mmoja yuko TikTok, bado mko sawa. Mkiwa sita, tivi ikiwa ya 4K na mtoto wa shangazi anadaunilodi gemu, hapo shida si ruta.

Pima, usikisie

Hii ndiyo sehemu wasee huruka na ndiyo yenye majibu. Chukua laptopu, ichomeke kwa ruta na kebo, zima Wi-Fi kwa simu zote ndani ya nyumba, halafu fungua fast.com au Speedtest. Andika namba. Kisha chomoa kebo, simama mita mbili kutoka kwa ruta, pima kwa Wi-Fi. Mwisho enda pale kitandani ambapo huwa unateseka, upime tena.

Kama kebo inakupa 15 na kitandani ni 2, kampuni haina makosa. Shida iko kati ya ruta na kitanda, na ni wewe utaitatua. Kama hata kwa kebo ni 2, acha kuhamisha ruta, huko nje ndiko kuna shida. Huna laptopu? Tumia simu karibu kabisa na ruta, ukiwa kwa ile Wi-Fi ya 5 GHz.

Rudia mara tatu: alfajiri, mchana, na kati ya saa mbili na saa tano usiku. Weka skrinshoti. Utazihitaji baadaye.

Angalia pia Speedtest inapima na seva gani. Ikichagua ya Nairobi na ikupe namba safi, lakini tovuti za ng'ambo zinakokota, huenda shida iko baharini. Si utani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalala Kenya na majirani. Siku kama hiyo unaweza kuristati ruta hadi uchoke.

Ruta si kitu ya kuficha

Mawimbi ya Wi-Fi hupungua kila yakipita kitu, na nyumba zetu zimejaa vitu vibaya. Ukuta wa mawe wa flati nyingi za Meru mjini unakula nguvu sana. Slabu ya zege ni mbaya zaidi. Mlango wa chuma na mabati havipitishi kitu, vinarudisha mawimbi yalikotoka. Kama uko ploti ya mabati kule Dallas, Embu, chumba cha pili kinaweza kukosa kabisa hata kama ruta iko hatua nne. Maji pia hunyonya mawimbi, kwa hivyo usiiweke kando ya tangi. Friji, tivi kubwa na kioo cha ukutani ni ukuta wa chuma kwa jina lingine.

Iweke juu, wazi, katikati ya nyumba, na antena zisimame. Mafundi wengi hufunga ruta pale kebo ya faiba imeingilia, kwa kona ya sitting karibu na dirisha, na nusu ya Wi-Fi inaenda kwa barabara. Mwambie fundi mapema akuachie kebo ndefu. Kama ashaondoka, kebo ya kawaida ya intaneti ya mita kumi kutoka kwa ruta hadi kwa kifaa cha pili chumbani itakusaidia kuliko ile ekstenda ya kuchomeka ukutani. Ekstenda ya bei rahisi hupokea na kurusha kwa mawimbi yale yale, kwa hivyo mara nyingi inakupa nusu ya spidi. Na wasee huiweka mahali Wi-Fi ishakufa, sasa itarusha nini? Iweke katikati ya safari.

2.4 ama 5?

Ruta nyingi za siku hizi hurusha Wi-Fi mbili. Ya 2.4 GHz inafika mbali na kupenya ukuta vizuri, lakini ni kama steji ya Makutano saa kumi na mbili jioni. Jirani wote wako hapo, Bluetooth iko hapo, na maikrowevu ikiwashwa nayo inapiga kelele hapo hapo. Ya 5 GHz ina spidi na nafasi, ila ukuta mbili za mawe zinaimaliza. Tivi na laptopu zilizo chumba kimoja na ruta, weka 5. Simu ya jikoni, acha 2.4. Ikiwa ruta imeziunganisha kwa jina moja na simu yako inang'ang'ania ile mbovu, ingia setingi uzipe majina tofauti.

Setingi ni rahisi. Pindua ruta, kuna stika yenye namba kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1 pamoja na jina la kuingilia na paswadi. Andika hiyo namba kwa brauza. Ukiwa ndani, tafuta chaneli ya 2.4. Zipo 13, lakini 1, 6 na 11 tu ndizo hazigongani. Daunilodi apu ya Android ya kuchambua Wi-Fi, uone majirani wamejazana chaneli gani, wewe uchague ile tupu kati ya hizo tatu. Upana uweke 20 MHz. Kwa flati ya nyumba ishirini, kuweka 40 ni kutafuta vita na kila mtu, na wewe ndiye utapoteza.

Kumbuka stima ikipotea na kurudi, ruta zote za ploti zinawaka pamoja na zile za automatiki zinachagua chaneli upya. Ndiyo maana jana ilikuwa fiti na leo ni noma.

Nani anakula?

Ukiwa bado kwa setingi, angalia orodha ya vifaa vilivyoungwa. Unahesabu simu nne za nyumba yako na unapata kumi na moja. Paswadi siku hizi haiibiwi, inapeanwa: mgeni alipewa, akaitoa kwa kodi ya QR kwa simu yake, akampa wa nyumba ya tatu. Badilisha paswadi, chagua WPA2 au WPA3, na uzime WPS. Usiweke jina lako na mwaka wa kuzaliwa, mtaa wote unaujua.

Lakini mara nyingi mwizi ni simu yako mwenyewe. Ukiichaji usiku inaanza kupandisha picha na video zote kwa wingu. Njia ya kupandisha ikijaa, hata kufungua peji kunakwama, kwa sababu kila unachodaunilodi kinahitaji simu itume majibu madogo juu. Kama una intavyuu, simamisha bakapu na apdeti za vifaa vyote dakika kumi mbele. Hii moja ingeokoa kazi nyingi.

Taa, kebo na adapta

Kwa faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki. Hakuna setingi ya kuitibu, piga simu. Ila cheki kwanza ile kebo nyembamba nyumbani. Ndani yake ni kioo, na ukiizungusha kwa msumari au ukiikunja nyuma ya kochi, mwanga unavuja na laini inadhoofika. Inyooshe, usiichomoe, na usichungulie kwa ncha yake maana kuna leza.

Adapta nayo, wengi hawaijui. Stima ikirudi kwa nguvu inaichoma, unanunua nyingine ya mia mbili inayoingia tundu, na ruta inawaka lakini inajizima ikilemewa. Soma stika. Kama imeandikwa 12V, ya 9V haitafanya kazi vizuri hata ikiwasha taa, na ukifanya kinyume unaweza kuiua kabisa.

Wa ruta ya laini

Kama yako ni ya 4G au 5G, sahau kuiweka katikati ya nyumba. Hiyo inapenda dirisha linaloangalia mnara. Meru na Embu ziko kwa miteremko ya Mlima Kenya, juu ya mgongo una mnara mbele ya macho, ukishuka bondeni kwa Kathita au Rupingazi unabaki na baa moja. Jaribu kila dirisha na upime, usiamini baa peke yake. Jioni ikilala na alfajiri ikiruka, mnara umejaa watu. Hapo dawa ni kubadilisha laini, baada ya kuuliza jirani yake inasomaje.

Wi-Fi ya landilodi

Sasa kwa ile ya mia tano kwa mwezi. Ukipima saa kumi alfajiri upate Mbps 20, na saa tatu usiku 0.8, hakuna siri: laini moja imegawanywa kwa nyumba nyingi mno. Muulize keateka laini ni ya Mbps ngapi na nyumba ngapi zinalipa. Tuseme 40 kwa nyumba thelathini. Wote mkiwa online, piga hesabu mwenyewe. Kumbuka pia anayeuza intaneti kwa umma anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA, na kampuni nyingi hukataza kuuza upya laini ya nyumbani. Kampuni ikimkatia, wewe ushalipa mwezi na huna risiti. Nyumba tatu mkichangia laini ya faiba halali kwa jina la mmoja wenu, soma kwanza masharti kama inaruhusiwa.

Ikiwa kebo yako mwenyewe inapima chini siku baada ya siku, hapo ndipo zile skrinshoti zinafanya kazi. Ukipiga simu usiseme "iko slow". Sema: nalipia 15, kwa kebo napata 3, tarehe hizi, saa hizi, taa ziko hivi. Ataacha kukuambia uzime na uwashe. Itisha namba ya malalamiko na uiandike. Wasipotatua, hiyo namba na picha zako ndizo utapeleka CA, ambao husikiliza kesi baada ya wewe kuanzia kwa kampuni yako.