Jina la Mwandishi katika Pwani ya Kilwa

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Somanga, aliwahi kutuletea insha juu ya historia ya Kilwa. Kurasa nzima zilikuwa zimenakiliwa bila kutajwa zilikotoka. Tuliikataa. “Mchungaji,” alijitetea, “wenye vitabu hivyo nao walichukua kwa wazee wetu.”

Jibu hilo lilitutaabisha, maana halikuwa la uongo. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha huko Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu 1900. Lakini kitabu kilijulikana kuwa cha Velten. Mwaka 1907 habari za Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Lindi zikatoka vivyo hivyo chini ya jina lake. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Ilikuwa mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina lake lilipowekwa katika anwani ya kitabu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki ya kutajwa, na hulinda mapato ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Basi kazi ya Mtoro yaweza kunakiliwa bila malipo. Chuoni, bila jina lake, mwanafunzi ataanguka vilevile. (Nasi tupandao mimbarani na mahubiri ya wenzetu, tusome Yeremia 23:30.)

Tulimrudishia insha aiandike upya, akianza na majina ya wazee wa Somanga aliowasikiliza mwenyewe.