Alama ya Mtu

Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii ni ya kweli mahali pengi, lakini tangu zamani sana mwanadamu amekataa kushindwa nayo. Ametafuta kitu kidogo cha kusimama mahali pake wakati yeye mwenyewe hayupo, kitu kitakachosema, "Kazi hii ni yangu, neno hili ni langu, nami naliwajibia." Kitu hicho ni alama. Siku hizi kijana huketi mbele ya kompyuta, akaichukua picha, akaikata, akaitia rangi, akaandika jina lake juu yake kwa herufi za madoido, kisha akaiweka picha hiyo ndogo chini ya kila barua na kila kazi yake. Hudhani kuwa anafanya jambo ambalo halijapata kufanywa. Hapana shaka chombo chake ni kipya. Lakini haja yake ni ya kale, na hatari iliyomo ndani yake ni ya kale vile vile.

Katika Mesopotamia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo huitwa Iraki, watu walitumia mihuri ya mawe tangu miaka 3500 hivi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Muhuri ulikuwa kijiwe kidogo, cha mviringo na kirefu kidogo, mfano wa kipande cha mwanzi. Fundi alichonga juu yake sura za watu, za wanyama au za miungu, na pengine jina la mwenyewe. Alichonga kinyume, ili jiwe lilipobingirishwa juu ya udongo mbichi picha itokee sawasawa. Alama hiyo ilitiwa katika mikataba, katika vifuniko vya mitungi na katika milango ya ghala. Aliyeiona alijua ni mali ya nani, hata kama mwenye mali alikuwa safarini.

Lakini itakuwaje muhuri ukipotea? Katika magofu ya mji wa Nippur kilipatikana kibao cha udongo kinachoeleza habari ya mfanyabiashara aliyepotelewa na muhuri wake. Kwa amri ya baraza, mpiga mbiu alipita katika njia zote akipiga pembe na kutangaza hasara hiyo, ili mtu yeyote asije akamdai mfanyabiashara kwa alama ambayo yeye hakuitia. Tazama jinsi kijiwe kidogo kilivyoutikisa mji. Watu wale walijua kuwa anayeishika alama ya mtu ameushika ulimi wake.

Hata katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki alama ilifanya kazi hiyo hiyo. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye majina yao. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mbali sana, katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia. Hivyo jina la mtawala lilifika mahali ambapo mguu wake haukukanyaga.

Sasa na tuvuke bahari twende Ulaya, kwa maana huko aliishi mtu ambaye kisa chake kinafundisha kuliko vyote katika habari hii. Albrecht Dürer alizaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1471. Baba yake alikuwa mfua dhahabu, na kijana alijifunza kwanza kazi ya baba. Baadaye akawa mchoraji, tena bingwa wa picha zilizochongwa katika ubao au katika bamba la shaba, zikatiwa wino na kupigwa chapa juu ya karatasi. Ubao mmoja uliweza kutoa picha nyingi, na picha hizo ziliuzwa katika miji ambayo Dürer hakuijua. Basi alihitaji alama. Alichukua herufi mbili za mwanzo za majina yake, akaandika A kubwa yenye miguu iliyopanuka, na D ndogo akaiweka chini ya miguu hiyo, kama mtoto aliyesimama mlangoni pa nyumba. Alama hiyo ilikuwa nyepesi kuandika na rahisi kukumbuka. Hata leo watu wengi huitambua kabla ya kuitazama picha yenyewe.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha za Dürer zilijiuza, na sifa ikaleta waigaji. Huko Italia fundi mmoja, Marcantonio Raimondi, alichonga katika shaba nakala za picha za Dürer juu ya maisha ya Bikira Maria, akaitia na ile alama ya A na D. Giorgio Vasari, Mwitaliani aliyeandika maisha ya wachoraji miaka mingi baadaye, asimulia kuwa Dürer alighadhibika akaenda kushitaki mbele ya serikali ya Venice. Kwa masimulizi yake, Dürer alipata jambo moja tu: Marcantonio alikatazwa kuitumia alama ile. Mwaka 1512 shauri kama hilo lilifika mbele ya baraza la mji wa Nuremberg kwenyewe. Mgeni mmoja alikuwa akiuza karibu na jumba la baraza picha zenye alama ya Dürer iliyoigwa kwa udanganyifu. Baraza liliamuru aziondoe alama hizo zote. Kama hataki, picha zake zichukuliwe.

Hukumu hizi zastahili kufikiriwa. Katika yote mawili sura ya picha iliachwa. Kilichokatazwa kilikuwa jina. Sheria za siku zetu zimekwenda mbele zaidi, nazo humlinda msanii katika picha pia. Walakini waamuzi wale waliona jambo ambalo halijachakaa: anayeiga picha ameiga mkono wa mtu, lakini anayeiga alama ameiga ahadi yake. Humfanya mtu aseme neno ambalo hakulisema.

Miaka zaidi ya mia tatu baadaye ilikuja kamera, na watu wengi waliamini kuwa sasa picha haiwezi kusema uwongo. Imani hiyo haikudumu. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha mjini Manchester picha moja kubwa aliyoiunga kutoka katika negativu zaidi ya thelathini. Watu walioonekana pamoja katika picha hiyo walipigwa picha mbalimbali, kisha akawaweka mmoja mmoja katika karatasi moja. Kazi ya namna hiyo ilitaka giza la chumba, dawa, uvumilivu mwingi na mkono usiotetemeka. Kwa hiyo walioiweza walikuwa wachache.

Uchache huo ulikwisha kwa sababu ya ndugu wawili Wamarekani. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha picha zenye vivuli vya kijivu katika kompyuta yake, ambayo kioo chake kilijua nyeusi na nyeupe tu. Ndugu yake John, aliyekuwa katika kazi ya kutengeneza picha za ajabu za sinema, aliona faida yake, nao wakaiendeleza pamoja. Ili kuwaonyesha watu uwezo wake, John alitumia picha aliyompiga mpenzi wake ameketi ufukoni Bora Bora. Mbele ya macho ya watazamaji mwanamke mmoja aliweza kuwa wawili. Februari 1990 kampuni ya Adobe iliitoa programu hiyo kwa jina la Photoshop. Mwaka 1994 ikaongezwa matabaka: kila sehemu ya picha iliweza kukaa peke yake, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kuhamishwa bila ya kuziharibu nyingine. Kazi ya Rejlander ikawa ya saa moja.

Kijana anayetengeneza picha ya sahihi yake leo hufuata njia hiyo. Katika tabaka la chini huweka rangi au mandhari. Juu yake huweka sura aliyoikata kutoka katika picha nyingine. Juu kabisa huandika jina, na pengine hulitia kivuli ili lisomeke. Mwisho huhifadhi nakala mbili. Ya kwanza, yenye matabaka yote, hubaki kwake ili aweze kuirekebisha. Ya pili, ndogo na iliyounganishwa, ndiyo atakayoituma. Hapo mtu wa Nippur angetabasamu. Nakala ya kwanza ni muhuri, ambao haufai kutoka mkononi mwa mwenyewe. Ya pili ni alama ya udongo, ambayo hupelekwa kokote.

Walakini programu inayompa kijana uwezo wa kulipamba jina lake ndiyo inayoweza kuikata sahihi ya mzazi kutoka katika barua moja na kuibandika katika barua nyingine ya kuomba ruhusa shuleni. Zamani ugumu wa kazi ulikuwa mlinzi: kuiga muhuri kulitaka fundi wa mawe, na kuiga picha ya Dürer kulitaka mkono wa Marcantonio. Mlinzi huyo ameondoka. Mahali pake imebaki dhamiri ya mtu mbele ya kioo, usiku, ambapo hapana baraza wala mpiga mbiu.

Basi, kijana, ukitengeneza alama yako, jifunze kwa Dürer: iwe nyepesi, iwe yako, na sura usiyoipiga mwenyewe uiombe kwa mwenyewe. Kisha uitie katika kazi ambayo hutaona haya kuulizwa habari zake. Asiyekuwapo na lake halipo. Lakini mwenye alama ya kweli yupo hata asipokuwapo, na watu humwamini.