Usajili wa Jina la Biashara nchini Tanzania

Usajili wa jina la biashara ni utaratibu wa kisheria ambao mtu mmoja, au watu kadhaa walioingia ubia, huandikisha kwa Msajili jina wanalofanyia biashara pale ambapo jina hilo si majina yao halisi. Kwa upande wa Tanzania Bara utaratibu huu huongozwa na Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, na husimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ulioanzishwa mwaka 1999. Zanzibar ina sheria na wakala wake, kwa hiyo cheti kilichotolewa Dar es Salaam hakimtoshi mwenye duka wa Darajani.

Chimbuko la sheria hii ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1916, iliyopitishwa katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ilipotaka kuwafahamu wageni, Wajerumani hasa, waliouza na kununua chini ya majina yenye sura ya Kiingereza. Mfanyabiashara aliyekaidi kusajili hakuweza hata kudai mahakamani haki zake za mkataba. Uingereza yenyewe ililifuta daftari hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilhali nchi ilizozitawala, Tanzania na Kenya zikiwemo, zimeendelea nalo. Historia hiyo inaonyesha wazi kwamba daftari liliwekwa kwa manufaa ya anayekopesha, anayeagiza mzigo au anayetaka kushtaki, ili ajue ni nani hasa aliye nyuma ya kibao cha dukani. Halikukusudiwa kumpa mfanyabiashara mali mpya.

Anayefanya biashara kwa majina yake kamili bila nyongeza halazimiki kusajili. Bakari Juma anayeuza mbao kwa jina la Bakari Juma yuko ndani ya sheria, lakini akiandika juu ya mlango “Bakari Juma na Wanawe” au “Baraka Vifaa vya Ujenzi”, wajibu wa kusajili unaanza. Tangu mwaka 2018 maombi hupokelewa kwa njia ya mtandao: mwombaji hufungua akaunti kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, hutaja jina analopendekeza, aina ya biashara, anwani na wamiliki, kisha hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontroo namba, na kulipa benki au kwa simu. Ada ya usajili ni shilingi 15,000, na ya utunzaji wa kumbukumbu ni shilingi 5,000 kwa mwaka. Hii ya pili ndiyo husahaulika, ikajilimbikiza hadi siku mwenye jina anapohitaji kurekebisha taarifa zake. Msajili hukataa jina linalofanana mno na lililokwisha sajiliwa, linaloashiria udhamini wa serikali, au linalobeba neno “Limited”, ambalo ni la kampuni zenye dhima yenye ukomo. Cheti kikishatoka hutakiwa kubandikwa mahali pa wazi kwenye ofisi kuu ya biashara.

Cheti hicho si leseni ya biashara, wala si namba ya utambulisho wa mlipakodi, ingawa benki huvitaka pamoja na nyaraka nyingine kabla ya kufungua akaunti kwa jina la biashara. Zaidi ya hayo, jina lililosajiliwa halizai mtu wa kisheria, yaani chombo kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa kikiwa peke yake kama ilivyo kampuni. Deni la “Baraka Vifaa vya Ujenzi” ni deni la Bakari mwenyewe, na mdai akishinda kesi anaweza kuifuata hata pikipiki yake ya nyumbani.

Wanaogutuka kwa kuchelewa zaidi ni wale wanaodhani kwamba jina sasa ni mali yao. Haki ya pekee juu ya jina linalotambulisha bidhaa hutokana na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo hulinda alama kwa miaka 7 ya mwanzo na kuruhusu ihuishwe kwa vipindi vya miaka 10. Fundi viatu mwenye cheti cha jina tu anaweza kujikuta akizuiwa kulichapa kwenye soli, iwapo mwingine amelisajili kuwa alama ya viatu.

Mmiliki akifunga biashara hupaswa kumjulisha Msajili ili jina liondolewe daftarini. Akifariki, kampuni ingeendelea kuwepo huku hisa zake zikirithiwa; biashara ya mtu mmoja, kinyume chake, huingia moja kwa moja katika mirathi, na akaunti ya benki hubaki imefungwa hadi mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi.