Mtoto wa Mama Wawili: Silesia na Fundisho la Kuipenda Nchi



Katika nyumba nyingi za Wakatoliki, jina la Poland huja pamoja na picha ya Mtakatifu Yohane Paulo II. Ndivyo wengi wetu tulivyoijua nchi hiyo: taifa moja lenye lugha moja na imani moja, lililogawanywa na majirani zake watatu, yaani Prusia, Urusi na Austria, katika miaka ya 1772, 1793 na 1795, likakaa miaka 123 bila kuonekana katika ramani, kisha likasimama tena mwaka 1918. Picha hiyo ni ya kweli, lakini si kamili. Ndani ya taifa hilo wamo watu ambao kwa zaidi ya miaka mia moja wamekuwa wakiulizwa swali gumu: ninyi ni wa nani? Juma hili tunapenda kuwatafakari watu hao, Wasilesia, kwa kuwa historia yao inatuonyesha tofauti iliyopo kati ya kuipenda nchi na kuiabudu.

Silesia ya Juu ni nchi ya makaa ya mawe, kusini mwa Poland ya leo, na mji wake mkuu ni Katowice. Wafalme wa Poland waliipoteza katika karne ya 14, ikawa chini ya taji la Bohemia, baadaye chini ya watawala wa Habsburg, na katika vita vilivyoanza mwaka 1740 Mfalme Frederick II wa Prusia akaitwaa sehemu kubwa ya Silesia yote. Kwa hiyo eneo hili halikuwamo katika migawanyo ya Poland tuliyoitaja. Lilikuwa limekwisha kutoka karne nne kabla yake. Hata hivyo, watu wa vijijini waliendelea kusema lugha yao iliyo karibu sana na Kipoland, huku ikipokea maneno mengi ya Kijerumani na ya Kicheki. Mgodini walipewa amri kwa Kijerumani. Kanisani walisali na kuimba kwa Kipoland. Nyumbani walisema kama walivyosema mababu zao.

Katika miaka ya 1870 Kansela Bismarck alilibana Kanisa Katoliki katika dola ya Ujerumani, na lugha ya Kipoland ikaondolewa katika shule za Silesia ya Juu. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha alivyotaka. Imani na lugha ya nyumbani zikashikamana, na gazeti lililoitwa Katolik, lililoongozwa na Karol Miarka, likawa mwalimu wa wachimbaji na wakulima waliotaka kusoma kwa lugha yao. Ndipo wengi wao walipoanza kujiuliza kama wao pia ni Wapoland. Tuone jambo hili vizuri: wengi hawakuwa wamezaliwa na jibu. Walilitafuta, tena ndani ya nyumba moja majibu yaliweza kuwa mawili.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Poland iliyofufuka na Ujerumani iliyoshindwa zote ziliitaka Silesia ya Juu kwa ajili ya migodi na viwanda vyake vya chuma. Mkutano wa amani uliamua wananchi wenyewe waulizwe. Yalitokea maasi mawili ya Wasilesia waliotaka kuungana na Poland, mwaka 1919 na 1920, na tarehe 20 Machi 1921 kura ya maoni ikapigwa. Takribani asilimia 60 walichagua Ujerumani, na asilimia 40 Poland. Makasisi nao walikuwamo katika pande zote mbili. Mwezi Mei yakazuka maasi ya tatu, na mapigano makali yakafanyika kwenye mlima wa Góra Świętej Anny, mahali pa hija palipo na patakatifu pa Mtakatifu Anna. Waliopigana pale walikuwa Wakatoliki kwa Wakatoliki, na wengi wao walikuwa wamefundishwa tangu utoto kumwomba mtakatifu yule yule.

Tunaijua habari ya Mfalme Sulemani na wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Katika habari ile upanga haukushuka, kwa sababu mama wa kweli aliona ni afadhali ampoteze mtoto kuliko kumwona akikatwa. Kwa Silesia ya Juu upanga ulishuka. Kwa shauri la Shirikisho la Mataifa eneo lilikatwa vipande viwili, na mwaka 1922 Poland ikapokea sehemu ndogo ya ardhi iliyokuwa na sehemu kubwa ya migodi na viwanda. Mpaka ukapita kati ya mji na mji, na kati ya ndugu na ndugu.

Lakini kabla ya kura ile kulikuwa na ahadi, na hapa ndipo palipo kiini cha tafakari yetu. Tarehe 15 Julai 1920, miezi minane kabla ya wananchi kupiga kura, Bunge la Poland lilipitisha sheria ya kuipa Silesia mamlaka ya kujitawala katika mambo yake ya ndani. Ahadi hiyo ilitekelezwa. Kuanzia mwaka 1922 mkoa wa Silesia ulikuwa na Bunge lake mjini Katowice, lililotunga sheria za shule, za polisi na za utawala wa mitaa. Ulikuwa pia na hazina yake, iliyokusanya kodi na kupeleka fungu lililopangwa Warszawa. Hakuna mkoa mwingine wa Poland uliopewa heshima hiyo. Mwaka 1925 Papa Pio XI akaunda Jimbo la Katowice, na askofu wake wa kwanza akawa August Hlond, Msalesiani mzaliwa wa Silesia yenyewe, ambaye baadaye alikuwa Kardinali na Primati wa Poland.

Hata hivyo, ahadi inayotolewa wakati wa uhitaji hupimwa wakati wa nguvu. Baada ya Marshali Piłsudski kutwaa madaraka mwaka 1926, alitumwa Katowice mkuu wa mkoa aliyeitwa Michał Grażyński, mtu kutoka nje ya Silesia, aliyekaa katika kiti hicho hadi mwaka 1939. Yeye aliamini kwamba Silesia inapaswa kufananishwa na Poland nyingine haraka iwezekanavyo. Wenyeji wakalalamika kwamba nafasi katika ofisi na shule zilikwenda kwa wageni, na kwamba desturi zao zilitazamwa kama kutu ya Kijerumani inayopaswa kusuguliwa.

Aliyeumia kuliko wote ni Wojciech Korfanty. Mtoto huyu wa mchimbaji alifukuzwa shule ya Kijerumani kwa sababu ya kuutetea Upoland, akaingia Bunge la Ujerumani mwaka 1903 kuwatetea watu wake, na mwaka 1921 akayaongoza maasi ya tatu. Bila yeye ni vigumu kufikiri kwamba Katowice ingekuwa ya Poland. Lakini alikuwa Mkristo Mdemokrasia, mpinzani wa Piłsudski, na mtetezi wa mamlaka ya ndani ya Silesia. Mwaka 1930 serikali ya nchi aliyoipigania ikamfunga katika ngome ya Brześć. Mwaka 1935 akaenda uhamishoni. Mwezi Aprili 1939, vita ilipokuwa inanukia, alirudi ili asimame na taifa lake. Akakamatwa tena, akaachiliwa akiwa mgonjwa, na tarehe 17 Agosti akafariki dunia, majuma mawili kabla ya majeshi ya Hitler kuvuka mpaka. Kwa Wajerumani alikuwa adui. Kwa watawala wa Warszawa alikuwa mtu wa kushukiwa. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba mtu anaweza kuwa Mpoland mwaminifu bila kuacha kuwa Msilesia.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Wanazi waliiunganisha Silesia na Ujerumani na kuwaandikisha watu katika orodha ya utaifa. Zaidi ya watu milioni moja waliandikishwa humo, wengi kwa hofu ya kufukuzwa au kupelekwa kambini, na vijana wao wakaingizwa katika jeshi la Ujerumani. Padre kijana Jan Macha, aliyezisaidia familia za waliofungwa na kuuawa, alikatwa kichwa gerezani Katowice tarehe 3 Desemba 1942; Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2021. Kisha mwaka 1945 likaja Jeshi Jekundu, na makumi ya maelfu ya Wasilesia wakasombwa kwenda kufanya kazi katika migodi ya Umoja wa Kisovyeti. Katika mji wa Świętochłowice, watawala wapya wa Kikomunisti waliwafunga watu katika kambi iliyoitwa Zgoda, ambako zaidi ya 1,800 walikufa ndani ya miezi michache kwa njaa, mateso na homa. Neno hilo zgoda, kwa Kipoland, maana yake ni mapatano. Mwezi Mei wa mwaka huo huo mamlaka ya ndani ya Silesia yalifutwa, bila wenyeji kuulizwa.

Wapendwa, mtu angetazamia kwamba nchi iliyoumizwa hivyo ingezaa chuki tu. Lakini tunapaswa kumkumbuka Bolesław Kominek, aliyezaliwa mwaka 1903 huko Radlin katika familia ya wachimbaji, akawa Askofu Mkuu wa Wrocław na baadaye Kardinali. Mwezi Novemba 1965, mtaguso ukikaribia kufungwa, maaskofu wa Poland waliwaandikia maaskofu wa Ujerumani barua ya kutoa msamaha na kuuomba. Serikali ya Kikomunisti iliwashambulia vikali kwa barua hiyo, na hata waamini wengi waliduwaa: je, aliyeuawa amwombe msamaha muuaji? Mwandishi mkuu wa barua ile alikuwa Kominek, mwana wa Silesia. Hatudhani kwamba hilo ni jambo la bahati tu. Aliyekulia kati ya lugha mbili alijua kwamba upande wa pili wa mpaka nako wako watu, wenye wafu wao na machozi yao. Wale walioonwa kuwa raia nusunusu ndio waliolipatia taifa lao mjenzi wa daraja.

Tangu ukomunisti uanguke, swali la zamani limerudi. Mwaka 1990 iliundwa harakati ya kudai tena mamlaka ya ndani ya Silesia. Katika sensa ya mwaka 2002, watu 173,000 walijiandikisha kuwa Wasilesia; mwaka 2011 walifika takribani 847,000, wengi wao wakitaja pia kuwa Wapoland; na mwaka 2021 walikuwa takribani 596,000. Mwaka 2011 chama kikubwa cha upinzani cha wakati huo kiliandika kwamba Usilesia wa namna hiyo ni Ujerumani uliojificha, na wengi wakahuzunika. Mwezi Aprili 2024 Bunge lilipitisha muswada wa kuitambua lugha ya Kisilesia kuwa lugha ya eneo, lakini mwezi Mei Rais Andrzej Duda akaukataa, akisema kwamba Kisilesia ni lahaja ya Kipoland, na kwamba wakati vita inapiganwa ng'ambo ya mpaka wa mashariki, utambulisho wa taifa unahitaji kulindwa kwa uangalifu wa pekee.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Hofu hiyo ina sababu zake. Nchi iliyofutwa katika ramani kwa miaka 123, na kupoteza raia wapatao milioni sita katika vita moja, haiwezi kulaumiwa kwa kuilinda nyumba yake. Aidha, upendo wa kwetu unaweza nao kugeuka kuwa utaifa mdogo, wenye kiburi kile kile unachokilaumu kwa wakubwa, ukimwona kila aliyehamia kuwa mvamizi. Lakini hofu ni mshauri mbaya. Wakashubi wa kaskazini, karibu na Bahari ya Baltiki, nao wana lugha yao. Sheria ya mwaka 2005 iliitambua kuwa lugha ya eneo, ikafundishwa shuleni na kuandikwa kwenye vibao vya vijiji. Poland haikuvunjika. Wakashubi hawakupunguza hata kidogo kuwa Wapoland.

Katika kitabu chake Kumbukumbu na Utambulisho, kilichotoka mwaka 2005, Yohane Paulo II alitenganisha uzalendo na utaifa. Utaifa, alifundisha, hutambua na kutafuta mema ya taifa lake peke yake bila kujali haki za wengine. Uzalendo huipenda nchi yake na kuyapa mataifa mengine haki ile ile unayojidai. Sisi tunaona kwamba kipimo hicho hakiishii mpakani. Kinaanzia ndani ya nyumba. Taifa litakaloheshimu jirani wa nje ni lile lililojifunza kwanza kumheshimu ndugu anayesema tofauti mezani pake. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, hakuwaambia viungo vifanane ili mwili uwe mmoja.

Korfanty hakutaka achague kati ya mama wawili. Aliwapenda wote, yule aliyemzaa na yule aliyemchagua, na alilipa gharama kwa ajili ya wote wawili. Kila mmoja wetu anayo lugha ambayo kwayo alifundishwa kufanya ishara ya msalaba, na anayo nchi inayomwita raia. Tuombe neema ya kutomlazimisha mtu yeyote kukana moja ili akubaliwe na nyingine.

Tunawatakia juma lenye amani na baraka. Tumsifu Yesu Kristo!