Wiki Hamsini na Mbili za Lambeth

Kitabu cha Maud Pember Reeves, Round About a Pound a Week, kilitoka London mwaka 1913, na jina lake ndilo habari yake: namna familia ilivyoishi kwa pauni moja hivi kwa wiki. Nilikifungua nikitafuta jambo dogo la tanbihi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Siku tatu baadaye tanbihi ilikuwa bado haijaandikwa, nami nilikuwa nahesabu peni za watu ambao majina yao siyajui na sitayajua.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu fedha. Pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12. Jina la shilingi yetu lilitoka huko huko, ila Waingereza walipotuletea shilingi ya Afrika Mashariki waliigawa kwa senti 100, wakatuepusha na hesabu ya kumi na mbili.

Habari inaanzia mwaka 1909. Kikundi cha wanawake ndani ya Jumuiya ya Fabian kilikuwa kimepata fedha za kufanyia uchunguzi. Wafabian walikuwa wasoshalisti wa polepole, watu walioamini kwamba mageuzi huja kwa ripoti, takwimu na sheria, si kwa risasi. Miaka arobaini baadaye Julius Nyerere alikutana na mawazo yao akiwa mwanafunzi Edinburgh. Swali la wanawake hawa lilikuwa jepesi kulisema: je, mama akipata chakula cha kutosha kabla na baada ya kujifungua, yeye na mtoto watakuwaje? Wakachagua mtaa wa Lambeth, kusini mwa mto Thames, wakawa wanatembelea nyumba zilezile kila wiki, na kila mama wakamwomba aandike matumizi yote ya nyumba, hadi peni ya mwisho.

Hawakuchagua fukara wa kutupwa. Waume wa nyumba hizo walikuwa na kazi za kudumu, wasaidizi wa mafundi bomba na wachapaji, waendesha mikokoteni ya farasi, waosha mabehewa ya reli. Mshahara ulikuwa kati ya shilingi 18 na 30 kwa wiki. Walikuwa watu wa heshima mtaani, na Reeves alilisisitiza hilo kwa sababu alijua wasomaji wake wangesema nini. Wangesema maskini ni walevi na wavivu, na kwamba wake zao hawajui kupanga bajeti.

Reeves mwenyewe hakuwa mtu wa Lambeth. Alikulia New Zealand, na mumewe, William, alikuwa mwakilishi wa nchi hiyo London kabla ya kuwa mkurugenzi wa London School of Economics. Wageni waliobisha hodi katika nyumba zile walitoka kwenye nyumba zenye wapishi na yaya. Ukisoma kwa makini unaona wakati mwingine anawatazama wenyeji wake kama mtu anayetazama dirishani. Lakini ana sifa moja ambayo wengi wa wakati wake hawakuwa nayo: akiambiwa jambo linalopingana na alichokuja nacho, analiandika.

Jambo la kwanza lililompinga ni daftari zenyewe. Baadhi ya akina mama hawakujua kuandika, wakawa wanamtamkia mume au mtoto mkubwa, na tahajia ikawa ya kila mtu na sikio lake. Hata hivyo hesabu ilikuwapo kabla ya daftari. Wanawake hawa walikuwa tayari wanaibeba wiki nzima kichwani: kodi ya nyumba, bima ya mazishi, makaa ya mawe, gesi, sabuni, viatu, mkate. Kilichobaki baada ya hapo ndicho kililiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho mihadhara ya kubana matumizi, ya zamani na ya leo, hukiruka. Bajeti ya mwaka inahitaji mwaka. Mwenye mshahara wa mwezi au faida ya mwaka anaweza kusema mwezi wa saba ninunue kuni za masika. Mama wa Lambeth alipewa wiki. Jumamosi mume alimkabidhi sehemu ya mshahara, baada ya kujibakizia ya mfukoni, na saa ikaanza kuhesabu hadi Jumamosi nyingine. Kwa karatasi, shilingi 24 kwa wiki ni pauni 62 na shilingi 8 kwa mwaka. Pauni 62 kwa pamoja zingeweza kufanya mambo mengi. Hakuna mtu katika nyumba zile aliyewahi kuziona kwa pamoja.

Makaa ya mawe yanaonyesha hasara yake. Tajiri aliyanunua kwa tani, wakati wa kiangazi bei ikiwa chini, akayahifadhi. Mama wa Lambeth hakuwa na fedha za tani wala mahali pa kuiweka, kwa hiyo alinunua gunia dogo dogo, au ratili 14 kwa wakati, majira ya baridi, bei ikiwa juu, na ukijumlisha alilipa zaidi kwa makaa yaleyale. Anayenunua mkaa kwa kopo na mafuta ya kupikia kwa kipimo cha mia tano hahitaji kuelezwa. Gesi nayo ilikuwa ya mita ya kutumbukiza peni, peni ikiisha moto unazimika. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu maktaba, maana ilikuwa LUKU kabisa.

Nyumba ilikuwa mbaya zaidi. Reeves anapiga hesabu ambayo ningependa ibandikwe mahali. Mtu mwenye pato la pauni 2,000 kwa mwaka alitumia takriban sehemu moja ya nane kwa makazi. Kibarua wa shilingi 24 kwa wiki alilipa shilingi 8, yaani theluthi. Na theluthi hiyo ilimpatia vyumba viwili au vitatu, watoto wanne kitanda kimoja, mtoto mchanga akilazwa ndani ya kreti la ndizi. Aliyejaribu kubana kwenye kodi alishukia vyumba vya chini, vyenye giza na unyevu, na huko watoto walikufa zaidi. Kwa hiyo kila mama alikuwa akichagua kati ya hewa na mkate, na wale waliochagua hewa walionekana wabadhirifu kwa mtu asiyejua.

Sasa uji. Katika Uingereza ya wakati huo mabibi wema walikuwa na dawa moja ya umaskini, nayo ilikuwa uji wa oti. Ni rahisi, unashibisha, una nguvu kuliko mkate na chai. Kwa nini hawa wanawake hawapiki uji? Wageni wa Fabian wenyewe walilipendekeza hilo, kisha wakasikiliza majibu. Uji unataka muda jikoni, na muda jikoni ni peni kwenye mita. Unataka mtu wa kuusimamia, na mama ana mtoto mchanga mkononi na wengine wanaotakiwa shule. Sufuria ni moja, kuukuu, ndiyo iliyopikiwa mchuzi jana, kwa hiyo uji unaungua na unanukia kitunguu. Na uji bila maziwa wala sukari watoto hawaunywi, wakiulazimishwa wanautema. Ukiongeza maziwa na sukari, si rahisi tena. Mkate haudai lolote kati ya hayo. Unakatwa, unapakwa kitu, mtoto anaondoka nao mkononi. Nimesoma kurasa nyingi za uchumi wa kaya katika miaka hii miwili na sijakutana na hoja iliyofungwa vizuri kuliko ile ya sufuria moja.

Nyama kidogo iliyopatikana alikula baba. Si kwa sababu mama alikuwa mnyonge asiyejua haki zake, ingawa katika baadhi ya nyumba huenda na hilo lilikuwapo. Mwili wa baba ndio ulioleta Jumamosi ijayo. Ukidhoofika, wote wamekwisha. Mama alikula mwisho, na mara nyingi alichokula hakiandikiki kwenye daftari.

Katikati ya ubanaji wote huo kuna fungu moja lililowakera wasomaji wa tabaka la juu kuliko yote: bima ya mazishi. Kawaida ilikuwa peni moja kwa wiki kwa kila mtoto, peni mbili kwa mama, tatu kwa baba, na wakala alipita mlangoni kuikusanya. Kwa familia yenye watoto wanne ni peni 9 kwa wiki. Nimezidisha mwenyewe: kwa mwaka ni shilingi 39, karibu mshahara wa wiki mbili. Watoto wana njaa, na mama anawawekea akiba ya jeneza! Mhubiri gani angeacha kulisemea hilo?

Lakini watoto walikuwa wakifa kweli. Asiyekuwa na bima alizikiwa na mamlaka ya mtaa, na kuzikwa hivyo kulikuwa fedheha ambayo familia iliibeba miaka mingi. Mwenye bima naye hakupata makubwa. Mtoto wake aliwekwa katika kaburi la pamoja na majeneza ya wengine, ila alifika huko kwa njia ya heshima. Familia isiyokuwa na bima ilipofiwa ilikopa kwa majirani, na deni hilo likalipwa kwa kupunguza chakula cha waliobaki. Reeves anasema wazi kwamba fedha hizi ni mzigo mzito mno kwa watu hawa, tena asiyeweza kuendelea kulipa hupoteza alichokwisha kutoa. Wakati huohuo anakataa kuwalaumu. Nami nakubaliana naye, tena kwa wepesi zaidi, kwa kuwa nimetoka katika nchi ya vikundi vya kufa na kuzikana. Mtu anaweza kulala njaa siku mbili na jirani asijue. Msiba hauna pazia.

Bima ile ilikuwa ya kampuni, yenye faida na wenye hisa. Pembeni yake palikuwa na mipango midogo ya wenyewe kwa wenyewe, na hii ndiyo iliyonivuta zaidi. Palikuwa na vyama vya viatu: kila wiki peni chache, hadi zitimie jozi. Vivyo hivyo kwa nguo na kwa Krismasi. Kwa jicho la mhasibu ni mipango dhaifu, haina riba wala haraka, na wakati mwingine viatu vya chama si vizuri kuliko vya dukani. Nadhani mhasibu angekosea kitu. Chama cha viatu kilikuwa njia ya mtu mwenye wiki kujitengenezea mwaka. Peni iliyobaki nyumbani haibaki, itadaiwa na mita ya gesi au na kikohozi cha mtoto. Peni iliyopelekwa kwenye chama imetoka mikononi mwa mahitaji ya leo, na inalindwa na macho ya wengine. Anayecheza upatu anajua kwamba nusu ya thamani ya mchezo ni aibu ya kutokulipa.

Zaidi ya vyama palikuwa na mambo yasiyoandikwa kwenye daftari lolote. Mwanahistoria Ellen Ross, katika makala yake ya mwaka 1983, alionyesha jinsi wanawake wa mitaa ya namna hii London walivyosaidiana kabla ya Vita Kuu ya Kwanza: kuazimana vyombo na nguo, kuangaliana watoto, kupelekeana chakula mume wa mmoja akikosa kazi. Asiyekuwa na kitu cha kuweka rehani aliweza kuazima cha jirani akakiweka. Sitaki kuupamba mtaa huo. Msaada ulikuwa na masharti, na ulihitaji ujulikane, usengenywe, upimwe kama unastahili. Mgeni aliyehamia jana hakuwa na pa kukopa. Na kuhama kulikuwa kwingi, kwa sababu ya kodi. Kila familia iliyofuata chumba cha nafuu zaidi iliuacha nyuma mtandao uliojengwa kwa miaka, na hasara hiyo haimo katika jedwali lolote la Reeves.

Yeye hakumalizia kwa kuwasifu wanawake hawa ustadi wao, ingawa aliuona. Ustadi ulikuwa umefika mwisho wake. Alidai serikali iweke kima cha chini cha mshahara na ibebe sehemu ya gharama ya kulea watoto, na iwape chakula shuleni na kliniki. Mwaka 1913 madai hayo yalisikika ya ajabu kwa wengi, kwamba serikali impe mama fedha kwa kuwa ana watoto. Ilichukua vita viwili na kampeni ndefu ya Eleanor Rathbone hadi sheria ya posho ya familia ikapita mwaka 1945. Serikali ilikusudia kumlipa baba. Rathbone alipigana hadi fedha zikaelekezwa kwa mama.

Malipo yalianza mwaka 1946: shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto, ukimwacha wa kwanza. Maud Pember Reeves alikuwa bado hai, alifariki mwaka 1953. Watoto waliozaliwa Lambeth wakati wa uchunguzi wake, wale waliopona, walikuwa sasa watu wa miaka thelathini na kitu. Mabinti waliolazwa kwenye makreti ya ndizi walipanga foleni posta na vitabu vyao vya posho, wakachukua fedha za mtoto wa pili na wa tatu, tena kwa wiki.