Kutoka Kizuka hadi Kambini: Mfadhili Akiondoka, Kikundi Kinabaki na Nini?



Kamati ilipotuomba sisi walimu tuandike historia katika toleo hili la kumbukumbu, wengi walitarajia habari za vita na safari. Hizo zimeandikwa na zitaandikwa tena. Sisi tumechagua jambo lililo nyuma ya kila ugawaji na kila semina: mfadhili anapomaliza mradi wake, kikundi alichokisaidia kinabaki na nini mkononi? Tunaandika kama watu wa Kizuka, tarafani Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. (Wenyeji wetu Watanzania hucheka wakisikia jina hilo, kwa kuwa kwao kizuka ni mjane aliye edani. Kwetu ni nyumbani tu.)

Kabla ya mfadhili yeyote, Kizuka ilikuwa na vyama vyake. Wakulima walisaidiana kwa ikibiri, leo kwangu kesho kwako. Wavuvi wa ndagala na mukeke, ambao Kigoma huitwa migebuka, waligawana mavuno ya usiku kwa utaratibu uliojulikana: sehemu ya mwenye mtumbwi na nyavu, sehemu ya wavuvi, na kitu cha kununulia mafuta ya taa. Daftari halikuwepo, lakini hesabu ilikuwepo, na mdanganyifu alijulikana kabla jua halijapanda. Tunalitaja hili kwa sababu semina nyingi tulizohudhuria zilianza kana kwamba tulizaliwa asubuhi ile.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Uasi ule uliua watu, na kisasi cha jeshi kikaua wengi zaidi sana, nchi nzima. Babu na bibi zetu walivuka ziwa. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu huko Tabora mwaka 1972, Katumba upande wa Mpanda mwaka 1973, na baadaye Mishamo mwaka 1978, wakati Ulyankulu ilipoonekana kuzidiwa na watu na maji kuwa haba.

Kazi ya makazi hayo ilifanywa kwa mapatano ya pande tatu. Serikali ilitoa ardhi na uongozi, UNHCR ilitafuta fedha, na TCRS, shirika lililoundwa mwaka 1964 na Shirikisho la Kilutheri Duniani kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, likachimba visima, likajenga shule na zahanati na kufungua barabara porini. Yapo mambo mawili ya kusifu. Kwanza, ufadhili ulihesabiwa kwa miaka, si kwa miezi. Pili, mwisho wake ulipangwa tangu mwanzo: mashamba yakizaa, chakula cha msaada kinakoma, na makazi yanakabidhiwa. Katumba ilikabidhiwa mwaka 1978, Ulyankulu mwaka 1980, Mishamo mwaka 1985.

Lakini yalikabidhiwa kwa nani? Hapa ndipo tunapotaka wafadhili wasome polepole. Ofisi moja iliikabidhi ofisi nyingine. Vijiji vilikuwa na kamati, na kamati zilipewa majembe, mifuko ya saruji na kazi za kujitolea. Fungu la fedha na vitabu vyake havikufika kwao. Wazee wetu wa Katumba wanasimulia kwamba pampu ilipokufa, watu walijua nani alikuwa akiitengeneza zamani, ila hapakuwa na mwanakijiji aliyefundishwa kuagiza kipuri wala mfuko wa kukinunulia. Nacho chama cha mazao hakikuwa na bahati: mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na vijiji vikaachiwa kazi hiyo mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Mkulima mkimbizi aliyumbishwa pamoja na mwenzake raia.

Kwa haki lazima tuseme kwamba TCRS yenyewe ilipita katika somo hili. Kwa miaka zaidi ya 40 ilikuwa mradi wa shirika la nje, kisha mwaka 2006 ikawa shirika la Kitanzania linalojisimamia. Miaka 40! Tuikumbuke hesabu hiyo tunapoletewa mradi wa miezi sita wenye lengo la “kujenga uwezo”.

Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 wa mwaka 1972 na watoto wao walirudi Burundi. Wengine zaidi ya 160,000 walichagua uraia wa Tanzania. Sisi ni wa waliorudi. Tulikuta mashamba na michikichi ya babu zetu mikononi mwa watu wengine, baadhi yao wamepewa na serikali na hawajui historia yake, na tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikuwa na mafaili kuliko siku za kuyasoma. Wakati huo ndipo wafadhili walipotangaza kwamba msaada utatolewa kwa vyama, si kwa mtu mmoja mmoja. Basi vyama vikazaliwa kama uyoga. Tuliandika katiba usiku mmoja, tukanakili ya jirani na kubadilisha jina.

Chama chetu kilipata mashine ya kukamua mawese. Siku ya kuipokea tulipigwa picha. Aliyefundishwa kuiendesha alikuwa mmoja, na aliyefundishwa kuweka hesabu hakuwepo. Mwaka haukuisha yule mmoja akaenda Bujumbura kutafuta kazi, chombo kimoja kikavunjika, na wanachama wakaanza kuulizana fedha za mawese zilikwenda wapi. Pengine hazikuibiwa. Hakuna aliyeweza kuonyesha, na hilo lilitosha kutuvunja. Shirika lilituma mtu kuuliza idadi ya walionufaika. Tulimpa idadi, akaondoka.

Jirani na chama hicho wanawake walikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa. Njia hiyo ilianzishwa na CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, nayo imeenea Afrika. Mfadhili hakuwapa hata faranga moja ya kukopeshana. Aliwapa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, daftari, na mwalimu aliyekuja kila juma, kisha kila mwezi, kisha akaacha kuja. Funguo zilikaa kwa watu watatu na sanduku kwa mtu wa nne. Fedha zilihesabiwa kwa sauti mbele ya wote, hata asiyejua kusoma akashika hesabu kichwani. Mwaka 2015 ghasia zilipoanza, wanawake wale walikutana, wakafungua sanduku, wakagawana hisa zao, na kila mmoja akakimbia na chake. Sanduku lilibaki Kizuka. Daftari lilivuka.

Sasa tunasema na wafadhili waziwazi. Mwaka 2016 mjini Istanbul wakubwa wa misaada walikubaliana, katika mapatano yanayoitwa Grand Bargain, kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za dharura zifike kwa mashirika ya nchini na ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka huo ulipita na lengo halikufikiwa. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika makubwa yalipunguza watumishi, na kazi nyingi zikaangukia kamati ambazo hazikuwahi kulipiwa hata kalamu.

Tunachoomba si kikubwa. Lipieni mtunza hesabu, hata kwa posho ndogo, miaka mitatu mfululizo. Fundisheni watu watatu kila kazi, kwa maana mmoja atahama. Tupeni fungu dogo tuliendeshe wenyewe, tukikosea tukosee mbele yenu mkiwa bado mpo. Na tarehe ya kuondoka tuambieni mapema. Nanyi wakazi wenzetu, msisaini daftari ambalo hamkusomewa. Tabia hiyo ilituua Kizuka kabla ya mfadhili kutukosea.

Kamati ya wazazi ya shule yetu imeanza kuhesabu michango kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Mwanamke mmoja wa kile kikundi ndiye aliyewafundisha. Analo bado lile daftari, na kurasa za mbele zina hesabu za Kizuka za Aprili 2015, hadi safu ya mwisho, ambayo haikujumlishwa.