Mmweko Uliopita Kilosa na Kuiacha Morogoro

Wakulima wa Afrika Mashariki, wa pwani na wa bara, walikitazama kilimia ili kujua majira, na kilimia kilipochomoza kilichomoza kwa wote. Aliyekuwa Kilosa, aliyekuwa Mikumi na aliyekuwa Morogoro walikiona kilekile, usiku uleule. Kati ya mwaka 1997 na 2019 ulikuwepo mwanga wa tabia nyingine kabisa: uliwaangukia watu wa mji mmoja na kuwapita jirani zao. Ndiyo maana nashikilia kwamba mmweko wa setilaiti, ingawa chombo chenyewe kilitoka Marekani, una haki ya kuhesabiwa katika historia ya mahali ulipoanguka.

Setilaiti hizo zilikuwa za mtandao wa simu wa Iridium. Za kwanza zilirushwa Mei 1997, na mtandao ulihitaji 66 zinazofanya kazi, kwenye kimo cha kilomita 780, zikipita karibu na ncha zote mbili za dunia. Kila moja ilibeba antena tatu bapa, zenye urefu wa karibu mita 2 na upana usiofika mita 1, uso wake ukiakisi jua kama kioo. Jua lilipoipiga antena kwa pembe iliyofaa, doa la mwanga lilishuka ardhini, na aliyesimama ndani yake aliona nukta hafifu ikikua kwa sekunde chache hadi kuipita Zuhura kwa takriban mara 30, kisha ikafifia. Upana wa doa hilo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kuukokotoa. Jua tunaliona kwa upana wa nusu digrii, na nusu digrii kwa umbali wa kilomita 780 ni kama kilomita 7. Sasa itazame ramani. Mikumi iko kusini mwa Kilosa, karibu kwenye longitudo ileile, kilomita 60 na kitu. Morogoro iko mashariki, zaidi ya kilomita 70. Kwa kuwa setilaiti zilikwenda kaskazini na kusini, doa nalo mara nyingi lilifuata mwelekeo huo. Liliweza kuipitia Kilosa, na punde tu baadaye Mikumi, huku Morogoro wakiambulia nukta isiyomshtua mtu. Njia ikiinama kidogo, Mikumi nayo ilikosa.

Atakayepinga atauliza ni wangapi Kilosa waliokuwa na intaneti mwaka 1999, tovuti ya Heavens-Above ya Chris Peat ilipoanza kutoa saa, upande na umbali wa mtazamaji kutoka katikati ya doa. Swali ni la haki, kwa sababu utabiri ulikuwa mikononi mwa wachache. Lakini kutabiri ni jambo moja na kutambua ni jingine. Kimondo hukimbia na kuzima mara moja. Ndege huwaka na kuzima kwa taa za rangi. Mmweko hupanda polepole, hushuka polepole, na nukta huendelea na safari yake. Tena huku kwetu jua huzama wima, hivyo setilaiti iliyo utosini kwa kimo kile huingia kivulini ndani ya saa mbili hivi baada ya machweo. Mwanga wa namna hiyo utosini usiku wa manane haukuwa wa Iridium, na kulijua hilo hakukuhitaji kompyuta. Wala kazi ya kufuatilia vyombo vya angani haikuwa ngeni katika nchi hii: kituo cha Tunguu, Zanzibar, kilikuwa katika mtandao uliomfuatilia mwanaanga John Glenn tarehe 20 Februari 1962, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi.

Setilaiti mpya za Iridium, zilizokamilika kurushwa Januari 2019, hazina antena zile, na nyingi za zamani zimeshushwa zikaungua. Zilizokufa zikabaki juu huzunguka ovyo na kumweka bila ratiba. Siku hizi zilizo nyingi ni setilaiti za Starlink, ambazo humweka chini karibu na upeo wa macho, upande ule jua lilikozama au linakotaka kuchomoza. Jioni, milima iliyo magharibi mwa Kilosa huziba sehemu hiyo ya anga. Anayetaka kuziona kutoka mjini aamke kabla ya alfajiri na kutazama mashariki, juu ya uwanda wa Mkata.